Kabla ya kuikata, isomeni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji. Nataka kuandika juu ya kitu ambacho hakikuwa kwetu peke yetu. Kiko katika nyumba nyingi za mji huu, ila hakitajwi mbele ya mgeni: bunduki ya vita vya wazee, iliyobaki chini ya kitanda wakati aliyeileta yuko kaburini.

Nilizaliwa 1958 hapa Kamalondo, Lubumbashi. Nilifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, miaka 25, fundi wa kuchonga na kulinganisha vipuri vya mashine, hadi 2003 tulipoondoka kwa maelfu katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nalitaja hilo ili msomaji ajue kwamba nikieleza habari za chuma, naeleza kitu ninachokijua kwa vidole.

Baba yangu alifariki mwaka jana. Baada ya kilio familia ikakaa kugawana alivyoacha. Haikuchukua muda. Nyumba ibaki ya wote, cherehani ya mama iende kwa dada yetu, baiskeli apewe mjukuu anayesoma mbali. Ndipo baba mdogo akauliza kwa sauti ya chini: "Na ile ya Abisinia?" Watoto wakatolewa nje. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo ikawa juu yangu.

Ile ya Abisinia tulikua nayo kama jina tu. Nkambo wetu, mzazi wa baba, alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la wakati wa Wabelgiji, na alikwenda vita vya 1941. Tuliambiwa kwamba kule Saio, Abisinia, yaani Ethiopia ya leo, alimnyang'anya Mwitaliano bunduki, akaja nayo mpaka nyumbani. Hatukuruhusiwa kuiona. Nkambo alipofariki 1984 ikapita kwa baba, na baba naye akaifunga kimya vilevile.

Kwamba Nkambo alikuwa katika vita vile, hilo halina shaka. Askari wa Kongo walipanda kaskazini wakaingia Sudani, wakafuata mto Nile, kisha wakageukia Abisinia, nchi ambayo Waitaliano walikuwa wameiteka. Asosa ilianguka Machi 1941, Gambela ikafuata mwezi huohuo, na Julai, juu mlimani Saio, Jenerali Pietro Gazzera akajisalimisha kwa Jenerali Gilliaert wa Force Publique pamoja na majenerali wengine kadhaa. Lakini Nkambo hakuwa anasimulia ushindi. Alisimulia mvua. Alisimulia beriberi, ugonjwa unaovimbisha miguu ya mtu aliyekula chakula kibovu miezi na miezi, na wenzake waliozikwa bila kupigwa risasi hata moja. Mtoto akiacha bukari, yaani ugali, kwenye sahani mbele yake, alikuwa anaimalizia yeye mwenyewe, polepole, bila kusema neno.

Majina ya vita vile tunayo mdomoni kila siku. Kambi ya jeshi ya Bukavu inaitwa Saio. Kinshasa kuna barabara za Saio, Asosa na Gambela. Mpwa wangu anayekaa Kinshasa hununua mboga soko la Gambela, na mpaka nilipomwambia alidhani Gambela alikuwa chifu fulani wa zamani.

Sasa niseme juu ya bunduki yenyewe.

Niliitoa chini ya kitanda cha baba, ndani ya sanduku, ikiwa imeviringishwa kwa turubai la kijeshi lililofumuka pembeni. Nikaiweka juu ya meza yangu ya kazi uani, nikamtoa kila mtu nje ya ua, nikauelekeza mtutu kwenye ukuta wa matofali. Grisi iliyopakwa zamani ilikuwa imeganda na kugeuka kahawia kama sukari guru. Kulasi, lile komeo la chuma linalofungia risasi nyuma ya mtutu, haikusogea hata unywele. Nikaimwagia mafuta ya taa, nikaiacha ikilowa usiku mbili. Siku ya tatu ikalegea. Nilipoivuta nyuma, ndani ya chemba niliona duara dogo la shaba lenye ukungu wa kijani.

Ilikuwa imejaa.

Bwana Mhariri, mikono yangu imeshika vyuma vya tani na tani, lakini asubuhi ile ilitetemeka. Kitanda kile alilala baba miaka arobaini. Nilipougua surua nikiwa kijana, nililazwa chumbani mwa Nkambo, na sanduku lilikuwa chini ya mgongo wangu. Watoto wangu walicheza kujificha mle. Risasi nne nyingine zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, nazo zimeota kijani. Nilikosea kuifungua peke yangu. Risasi ya zamani hivyo haijulikani itafanya nini, na anayeikuta kwake asiiguse, amwite anayejua.

Ilipokwisha kuwa tupu nikaanza kuisafisha kwa kitambaa, nikitafuta alama za Italia. Nilitazamia jina la mji wao, au mwaka. Juu ya chemba herufi zikajitokeza moja moja chini ya kutu: H, E, R, kisha nyingine, mpaka nikasoma HERSTAL.

Herstal uko Ubelgiji, karibu na Liège. Ndipo kilipoanzishwa mwaka 1889 kiwanda cha Fabrique Nationale, kwa kazi ya kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki za Mauser. Nikaitazama tena kwa jicho la fundi. Mtutu wake ulikuwa umevikwa mtutu mwingine wa bati juu yake, kama mkono ndani ya shati, na hiyo ndiyo Mauser ya Kibelgiji ya 1889. Bunduki ya askari wa Italia wa vita vile ilikuwa Carcano, ya milimita 6.5. Nikaingiza kipimo mdomoni mwa mtutu: zaidi ya saba na nusu. Nikapima mara tatu. Nikageuza ubao wa bunduki, na kwenye kitako, chini ya uchafu, zikaonekana herufi mbili zilizogongwa kwa moto: FP.

Haikuwa ya Mwitaliano. Ilikuwa ya Force Publique.

Nilikaa pale mpaka jua likazama. Kulikuta neno la nkambo wako haliingii kwenye kipimo ni jambo zito. Nilijiuliza kama alitudanganya, na kama alitudanganya, alikuwa anaficha nini. Maana herufi zile mbili zina historia mbili katika mji huu. FP ndio walioshinda Saio Julai 1941. FP haohao, Desemba ya mwaka uleule, hapa Lubumbashi ilipokuwa ikiitwa Élisabethville, waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waliokusanyika uwanja wa mpira kudai nyongeza ya mshahara. Wazee waliotufundisha kazi kiwandani walitueleza habari hiyo kwa kunong'ona, na wengine walikuwa wana wa waliouawa. Bunduki yenye FP inaweza kuwa ilisimama mlimani Saio, inaweza kuwa ilisimama uwanjani pale. Ubao hausemi. Kinachoweza kusema ni namba iliyogongwa kwenye chuma, maana jeshi humwandikia kila askari silaha yake. Niliinakili namba ile kwenye daftari kwa kalamu ya wino.

Kuibakiza nyumbani hakukuwa na mjadala kwangu. Mdogo wangu alitaka tuitundike sebuleni, juu ya picha ya Nkambo. Kijana mmoja nisiyemjua, sijui habari aliipata wapi, alikuja mara mbili jioni akitaka kuinunua kwa dola, na mara ya pili nilimfungia mlango. Bunduki inayonunuliwa jioni kwa siri, sote tunajua inakokwenda kufanya kazi. Mke wangu alisema neno moja tu, kwamba yeye na ile havitalala mwezi mwingine chini ya paa moja. Na sheria ipo: Amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 haimruhusu raia kumiliki silaha bila kibali. Sheria haiangalii kama silaha umeachiwa na baba au umeinunua.

Nikaenda ofisi moja ya serikali hapa mjini. Siitaji, na waliokuwa zamu walinipokea kwa heshima, wakanipa hata kiti. Niliuliza kama inawezekana ile bunduki iuawe, yaani mtutu uzibwe kwa chuma cha moto na kulasi itolewe, kisha ipelekwe makumbusho yetu ya Lubumbashi ikiwa na maelezo yake. Nikajibiwa kwamba utaratibu huo haupo. Wakaniandikia karatasi. Juu yake: "Silaha ya vita, mbovu: 1." Nikawaomba waongeze namba. Kijana aliyeshika kalamu akaniuliza bila ubaya wowote: "Namba ya nini, mzee, na inakatwa sasa hivi?"

Wakaikata uani, nikiangalia. Vipande vitatu. Mlio wa mashine ya kukatia chuma ni mlio ambao nimekula nao mkate wangu, lakini siku ile nilisikia kama wanakata mtu katikati ya sentensi. Lile neno HERSTAL lilipasuliwa kati ya R na S. Chuma kikaenda kwenye rundo la vyuma vingine, na pale nikaona mitutu mingine ya zamani, minne au mitano, kila mmoja na herufi zake ambazo hakuna aliyezisoma. Ubao wakautupa kwenye takataka. Niliuomba, wakanipa.

Sina ugomvi na kukata. Sisi wa Katanga tunajua bunduki imetufanyia nini. Nakumbuka kwa shukrani wakati makanisa kupitia PAREC, mpango wao wa amani, yalipokuwa yakimpa baiskeli kila aliyeleta silaha, na nimewaona kwa macho yangu vijana waliotoka porini wakibeba makaa sokoni kwa baiskeli hizo. Bunduki ya Kalashnikov iliyoua juzi, ikatwe leo. Ninachoomba ni kwamba ile ya zamani, kabla haijaguswa na mashine, isomwe. Ni kazi ya dakika kumi: namba, jina la kiwanda, kila alama kwenye chuma na kwenye ubao, picha moja, jina la familia iliyoileta, na hadithi ambayo familia inayo, hata kama hadithi hiyo haikubaliani na chuma. Hasa kama haikubaliani. Nakala moja ibaki kwa familia, moja ipelekwe makumbusho. Nchi yetu ina tume ya kitaifa inayoshughulikia silaha ndogondogo, basi fomu hiyo itoke huko, ili isitegemee moyo wa anayeshika kalamu siku hiyo. Na zile chache ambazo habari zake zimethibitika ziuawe kabisa, zisiweze kufyatua tena, ziwekwe mahali ambapo mtoto wa shule ataziona na jina la askari chini yake.

Naomba pia familia zipewe muda ulio wazi wa kuleta vitu hivi bila kuhojiwa kama majambazi. Najua nyumba mbili, sitazitaja, ambazo zinaogopa. Nyumba moja wameizika yao chini ya mwembe. Mwembe hauozeshi chuma haraka hivyo, na ipo siku atakuja fundi wa bomba na sururu yake.

Wakati umekwisha kuwa mfupi. Waliopigana Tabora katika vita ya kwanza, Septemba 1916, hawapo tena. Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja Kinshasa, aliyevishwa nishani kwa niaba ya wapiganaji wa vita ya pili alikuwa mzee mmoja, Kaporali Albert Kunyuku, aliyepelekwa Burma, na umri wake ulikuwa umefika miaka mia. Walioshuhudia wameondoka. Vimebaki vyuma, na watoto wao wachache.

Mmoja wa watoto hao ni shangazi yangu, mdogo wa baba, aliyezaliwa 1949. Sikuwa nimewahi kumuuliza chochote juu ya bunduki. Katika familia yetu haya yalikuwa mambo ya wanaume, na hilo nimelijutia. Nilimpelekea ule ubao nikamweleza nilichosoma. Akaushika, akaupangusa kwa ncha ya kitenge chake, akasema: "Mlikuwa mnaita ya Abisinia. Mimi ndiye nilishika taa usiku ule."

Ilikuwa Julai 1960. Kongo ilikuwa na uhuru wa siku chache tu. Askari walikuwa wameasi huko chini, kisha hapa, kwenye kambi ya Massart ambayo leo tunaiita Vangu. Wabelgiji wakaleta wanajeshi wao, na tarehe 11 Tshombe akatangaza Katanga ni nchi. Askari waliotoka jimbo la Kasai na sehemu nyingine walikuwa wananyang'anywa silaha na kurudishwa kwao. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mfanyakazi wa reli kama Nkambo alivyokuwa baada ya vita, alikuwa Mkasai, na mdogo wake alikuwa askari Massart. Usiku mmoja kijana huyo aliingia kwa Nkambo kupitia mlango wa jikoni, amevaa shati la kaka yake, na mkeka umeviringishwa kwapani. Ndani ya mkeka kulikuwa na bunduki. Alikuwa anatetemeka, shangazi anasema, meno yanagongana kama mtu mwenye malaria. Nkambo hakumuuliza chochote. Aliuchukua mkeka, akamwambia shangazi asogeze taa, akaiviringisha bunduki kwa turubai lake mwenyewe la Abisinia. Kijana akasema: "Baba, nitarudi kuichukua."

Hakurudi. Mwaka uliofuata jirani naye, mke na watoto wake, wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, na kutoka pale wakarudishwa Kasai. Wakati huo askari wa Ethiopia walikuwa mitaani hapa na kofia za buluu za Umoja wa Mataifa, na shangazi anakumbuka Nkambo akisimama mlangoni kuwaangalia wakipita, na usiku anakagua kama sanduku liko mahali pake. Kukutwa na silaha ya askari Mkasai siku zile kulikuwa kifo cha nyumba nzima. Kwa hiyo akawaambia watoto kwamba ni ya Mwitaliano, ya Saio, ili hata mtoto akiropoka shuleni iwe hadithi ya mzee wa vita. Baba yangu alikuwa Likasi kikazi miezi hiyo. Aliporudi akaelezwa hivyohivyo, akaamini mpaka anakufa. Na Tshombe alipokwisha kuondoka, kwa nini hakuipeleka serikalini? Nilimuuliza shangazi. Akanijibu kama anayeshangaa swali: "Si ilikuwa ya mtu?"

Ilikuwa amana, Bwana Mhariri. Miaka sitini na zaidi tuliiita urithi, tukaipitisha kutoka kwa mkubwa hadi mkubwa, na mimi nikaenda nikaikatisha vipande vitatu mbele ya macho yangu bila kujua ni mali ya nani. Watu wa Katanga tunaelewa jirani kupakia treni na kuacha vitu ukutani kwa jirani. Ilikuwa hivyo wakati wa Tshombe, ikawa tena 1992 na 1993 pale stesheni za Likasi na Kolwezi. Ni vingapi bado viko majumbani mwetu vikingoja?

Chuma sina tena, na hata ningekuwa nacho nisingempa mtu. Ninao ubao na turubai, na namba iko kwenye daftari. Ubavuni mwa kitako, upande wa shavu, kuna alama iliyochongwa kwa kisu, kwa uangalifu, na mtu aliyekuwa na muda mwingi wa zamu. Si FP, na haikuchongwa na Nkambo. Sitaieleza hapa. Kama Mbuji-Mayi, Kananga, Mwene-Ditu au popote barua hii itakapofika ipo familia ambayo mzee wao alikuwa askari kambi ya Massart mwaka 1960, na aliwahi kusema kwamba bunduki yake aliiacha Kamalondo kwa jirani wa kaka yake aliyekuwa wa reli, naomba waandike kwa gazeti hili na waniambie ile alama ni ya nini. Wakiitaja, ubao ni wao, na nauli ya kuupeleka nitatoa mimi.

Jina langu na anwani nakuachia wewe, Bwana Mhariri, usivichapishe.

Fundi mstaafu, Kamalondo, Lubumbashi